Uji wa Mtoto: Wingi wa Nafaka si Wingi wa Lishe

Katika kliniki nyingi za Tanzania, mama anapoulizwa mwanawe aliyetimiza miezi sita anakula nini, hujibu kwa fahari: uji wa lishe. Ndani ya unga huo huwamo mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja kwa imani kwamba kila punje inayoongezwa huongeza afya. Nia ni njema, na gharama si ndogo. Hata hivyo, imani hiyo yapasa kusahihishwa.

Nafaka zinafanana mno kwa virutubisho. Zote kwa sehemu kubwa ni wanga. Nafaka tano katika chungu kimoja hazimpi mtoto mengi zaidi ya moja iliyo safi. Anachokihitaji hasa katika umri huo ni madini ya chuma, kwa sababu akiba aliyozaliwa nayo huanza kupungua, na maziwa ya mama peke yake hayatoshi kuifidia. Chuma hicho hupatikana vizuri zaidi katika maini, nyama na dagaa kuliko katika mchanganyiko wowote wa nafaka.

Mchanganyiko huo una hatari pia. Mahindi na karanga ndivyo vyakula vinavyoshambuliwa zaidi na ukungu unaozalisha sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafariki. Karanga chache zilizooza zikisagwa pamoja na vingine, unga wote huharibika, wala jicho haliwezi tena kuzitambua. Ni salama zaidi karanga zichambuliwe, zisagwe kidogo kidogo peke yake, kisha zitiwe chunguni wakati wa kupika.

Jambo la tatu ni wepesi wa uji. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8 hushiba kwa mililita 240 tu. Akijazwa uji unaotiririka kama maji, hushiba bila kulishwa. Uji unaofaa hushikamana na kijiko.

Wapo watakaosema kwamba uji mzito humkaba mtoto. Hoja hiyo ina jibu la kale: kimea. Ulezi ulioloweshwa, ukachipua, ukakaushwa na kusagwa hulainisha uji mzito kwa dakika chache. Kijiko kidogo hutiwa katika uji uliopoa kiasi, ukakorogwa, kisha ukachemshwa tena kidogo. Hulainika bila kuongezwa maji, na nishati yake hubaki ileile.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Uji pekee hautamaliza tatizo hilo, lakini ushauri wa kliniki unaweza kuwa mwepesi na wa kweli zaidi: nafaka moja safi, uji mzito, na ndani yake maharage yaliyopondwa, yai au dagaa waliosagwa, huku mtoto akiendelea kunyonya. Mama anayejinyima ili anunue aina tano za nafaka anastahili kuambiwa kwamba fedha ya zile nne ingemnunulia mwanawe dagaa.