Gari la Barazani na Gari la Nyumbani

Baada ya sala ya alasiri, mitaa yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, huwa na mahakama yake. Haina kadhi wala karani. Majaji wamekaa barazani, kikombe cha kahawa chungu mkononi, na kesi ipitayo zaidi siku hizi ni ya gari. Likiingia gari jipya mtaani hutazamwa tangu tairi hadi paa, likahukumiwa papo hapo, na kabla mwenyewe hajalizima yashajulikana ana kiasi gani mfukoni, au yadhaniwa. Mimi nami ni mmoja wa majaji hao, siwezi kujitoa. Basi ilipofika zamu yangu ya kusimama kizimbani sikuwa na pa kukimbilia.

Mashtaka yenyewe ni haya: nimeuza Prado, nikanunua Noah.

Huenda msomaji akacheka, akasema bwana huyu aliyezoea kutuandikia habari za mashairi na lahaja leo amekosa la kuandika. Asicheke upesi. Gari katika nyumba zetu za Pwani si chuma tu, ni mlango wa pili wa nyumba. Ndilo lipelekalo wanawake harusini na matangani, ndilo lichukualo wazee hospitali na watoto madrasa, na siku ya Idi ndilo lizungukalo kutoka Kisauni hadi Likoni kuamkia jamaa. Mtu alichaguapo, ajue asijue, achagua ni nani katika nyumba yake atakayetoka na nani atakayebaki ndani.

Kwa asiyeyafuatilia mambo haya, nieleze kidogo. Kuna yale magari ya juu, yenye kifua kipana, ambayo siku hizi huitwa SUV: Prado, Harrier, X-Trail na wenzao. Na kuna haya yenye umbo la sanduku, safu tatu za viti na milango ya kuvuta kando: Noah, pacha wake Voxy, na kaka yao mwenye fedha, Alphard. Mengi ya haya na yale twayapata kwa njia moja. Yameshatumika Japani, yateremshwa Kilindini, na sheria ya Kenya haiyakubali yakiwa yamepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Ushuru hupigwa kwa thamani ya gari, kwa hiyo lililo ghali hulipiwa mara mbili, kwa muuzaji na kwa serikali.

Utotoni mwetu, miaka ya 1970 na 1980, kesi hii haikuwako. Aliyejaaliwa alikuwa na Pijo 504 ya safu tatu, ambayo ikishajaa watu nyuma ilikaa chini kama jahazi lenye shehena. Bibi zetu waliiingia kwa adabu yao: waligeuza mgongo, wakaketi kwanza, wakakusanya buibui, kisha wakaingiza miguu yote miwili. Hakuna aliyeshikwa mkono wala kusukumwa.

Prado yangu niliinunua mkono wa tatu, na sitawadanganya, niliinunua kwa ajili ya baraza. Nilipenda namna watu walivyonipisha njia. Nyumba yetu ni ya watu saba: mimi na mke wangu, watoto watatu ambao bado wako nasi, khalati yangu mjane, na mama yangu mzazi ambaye ameshapita miaka 80 na magoti yake hayamtii tena. Viti saba, watu saba. Hesabu ilikuwa sawa kwenye karatasi.

Siku moja tulikuwa na matanga Malindi. Tulipokuwa twaondoka, wanaume wamejaa uani na barabarani, Mama alikanyaga kile kidaraja cha ubavuni apande. Mguu ukateleza, pindo la buibui likanaswa, na mwili wake ukabaki unaning'inia, hayuko ndani wala hayuko nje. Wajukuu wawili wakarukia, wakamwinua kwa kwapa na kumtia garini kama gunia la mchele. Walifanya kwa mapenzi, wala sikuwalaumu. Mama akapanga buibui lake, akatazama mbele, na kutoka Malindi hadi Mombasa hakutamka neno ila kuitikia salamu.

Tangu siku hiyo akaacha kutoka. Kila tukimwambia twende, alikuwa na sababu. Alikosa hitima ya shoga yake waliyesoma naye chuoni. Alikosa kupambwa kwa mjukuu wa dada yake. Nami, mtu wa kusoma na kuandika, nilisema ni magoti, nikamletea dawa ya kusugua. Mke wangu ndiye aliyenifungua macho usiku mmoja: magoti ni yale yale ya mwaka uliopita, kilichobadilika ni kwamba mamako aliaibishwa mbele ya wanaume. Nikaenda kumwuliza Mama mwenyewe. Akanijibu kwa upole, "Niwacheni nikae zangu ndani, mwanangu. Stara ya mtu ni kitu kidogo, lakini ikishaanguka hairudi garini."

Nilipotangaza nyumbani kwamba nauza Prado, shemeji yangu alikuja mbio. Akasema, "Shemeji, wewe ni mtu wa watu. Watakuona umeshuka kwenye Prado ukaingia kwenye Noah, watasema umefilisika." Shauri lake lilikuwa niuze ile kuukuu, niongeze fedha kwa mkopo, nichukue Prado nyingine mpya zaidi. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2008 tuna mabenki ya kufuata sharia hapa Kenya, mtu aweza kununuliwa gari akalilipa kidogo kidogo pasi na riba. Lakini faida ya benki nayo hulipwa, na mtoto wangu wa pili aingia chuo kikuu. Kijana wangu mkubwa, mwenye nyumba yake, akatia lake kwa simu: "Baba, hilo ni gari la abiria." Hapo hakukosea. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, magari haya yamebeba abiria wa kulipa hata jina la Noah likawa ni jina la kazi hiyo. Lakini niliwaza, gari likisifika kwa kuchukua watu, hiyo yawaje aibu kwa mtu mwenye watu wa kuchukua?

Nikaenda yadi na futi ya fundi cherehani mfukoni. Wauzaji walinicheka. Kwanza nilikuwa nimepima ngazi ya mlango wetu wa mbele, ambayo Mama huipanda mwenyewe kila siku akiegemea ukuta. Noah za kuanzia mwaka 2014 sakafu ya mlango wake wa kati iko kiasi cha sentimita 36 kutoka ardhini, sawasawa na ngazi yetu ukiondoa upana wa vidole viwili. Sababu yake yaeleweka. Noah huendeshwa na magurudumu ya mbele, haina chuma kirefu cha kuzungusha magurudumu ya nyuma kinachopita chini ya miguu ya watu, wala haina fremu nzito kama ya lori, kwa hiyo sakafu yaweza kushushwa na kusawazishwa. Prado imejengwa juu ya fremu, na mwenye kupanda hana budi kuinua mguu kupita goti.

Kisha nikapima upana, na hapa nilishangaa mwenyewe. Kwa urefu magari haya mawili yakaribia kulingana: Noah hiyo ni mita 4.695, na Prado iliyouzwa tangu 2009 hadi 2023 ni kiasi cha mita 4.76. Lakini kwa upana Noah ya kawaida ni sentimita 169.5 na Prado ni 188.5. Nusu sentimita ile iliyokosekana kufikia 170 haikukosekana kwa bahati. Japani, gari likizidi mita 4.7 kwa urefu, au mita 1.7 kwa upana, au injini ya 2,000, hutolewa katika daraja la magari madogo likawekwa katika la makubwa. Watengenezaji wakajibana humo. Basi gari lililobanwa lipite vichochoro vya Kijapani limekuja kufaa vichochoro vyetu, ambavyo vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda wake. Ukiwa na Prado karibu na Ndia Kuu, na mkokoteni wa maji umesimama upande mmoja, hufungui mlango bila kugonga ukuta wa mtu. Mlango wa kuvuta hauhitaji nafasi. Mwanamke ateremka kwa utulivu, amejifunika, hasukumani na ukuta.

Na vichochoro hivyo vina watoto. Saa za kwenda na kutoka madrasa hujaa vichwa vidogo vyenye kofia, vimefika kiuno cha mtu. Mwenye gari lenye bonneti ndefu na ya juu hawaoni wakiwa karibu. Mimi niliwahi kufunga breki kwa kelele za watu, si kwa kuona. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa barabara kwa niaba ya makampuni ya bima ilitoa matokeo kwamba magari yenye bonneti iliyo juu ya inchi 40 yana uwezekano wa kuua mwenda kwa miguu unaozidi kwa kiasi cha asilimia 45 ule wa magari yenye bonneti ya inchi 30 au chini, iliyoinama. Inchi 40 ni kama mita moja. Mtoto wa juzuu amma umjue urefu wake.

Sitaki nionekane nimelipwa na mwenye yadi. Noah ina ila zake, na nimeshaanza kuzijua. Ikijaa watu, matuta ya barabarani hulikwaruza tumbo lake. Nafasi ya chini ni kama sentimita 16, na Prado ina kama 22. Mlango wake wa umeme haupendi chumvi ya bahari, na waya wake ukikatika utauvuta kwa mkono kama mlango wa duka. Gea yake si ya meno ya kawaida, ni ya mkanda, na ina mafuta yake mahsusi. Fundi akikutilia mafuta mengine ili akupunguzie gharama, baada ya miezi michache utamnunulia gea nzima. Viti saba vikikaliwa, mizigo ni ya kubanwa. Wazee wengine huniambia, "Hilo unakalia injini." Hiyo ilikuwa kweli kwa zile zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa 2001, ambazo injini ilikuwa chini ya viti vya mbele. Tangu hapo injini imehamia mbele, ingawa pua bado ni fupi, na mwendo wa pupa katika barabara ya Malindi haufai kwa gari lolote.

Wala sisemi Prado haina kazi. Mwenye shamba ndani ya Kinango, au mwenye mifugo Tana Delta, ambaye masika yakianza njia yake ni tope tupu, huyo achukue gari la juu na asisikilize maneno ya watu wa mjini kama mimi. Hata yeye ajue kikomo chake. Novemba 2023, Mto Tana ulipofurika na maji yakaikata barabara ya Lamu pale Gamba, hapakuwa na mjadala wa Prado na Noah, palitakikana chombo. Lakini wengi wetu tulio nazo hatutoki kwenye lami. Twachukua gari la tani mbili na ushei kwenda Marikiti kununua bamia, ilhali Noah haifiki tani moja na robo tatu, na tofauti hiyo twailipa kila tukifika kituo cha petroli. Safu ya tatu ya Prado huwekwa juu ya mhimili wa nyuma, magoti yamegusa kidevu, na humo ndimo tuwatiamo khalati zetu na kusema viti ni saba.

Ombi langu kwa anayetaka kununua ni jepesi. Usiende yadi na rafiki zako. Nenda na yule mzito wa kupanda kuliko wote nyumbani, mwache aingie na kutoka mara tatu bila kusaidiwa, wewe umetazama kando. Mimi nilimpeleka Mama siku ya kulipa. Muuzaji akavuta mlango. Mama akageuza mgongo, akaketi, akakusanya buibui lake, akaingiza miguu. Akauliza kama hitima ya arubaini ya shoga yake ilikuwa imeshapita. Ilikuwa imeshapita. Akasema basi tumpeleke akawape pole hata hivyo, na tukaenda kutoka pale pale yadi, karatasi za gari zikiwa bado mapajani mwangu.

Barazani hukumu ilitoka kwa kauli moja: nimefilisika. Sikukata rufani. Juma lililopita shemeji alikuja, amekaa kitako, amekunywa kahawa vikombe viwili kabla ya kusema lililomleta. Ana kesha ya binti yake, wanawake ni wengi, na Prado yake haiwatoshi. Je, aweza kuazima lile gari la abiria? Nikamwambia kwangu hapana neno, ila amwulize Mama kwanza, kwa kuwa siku hiyo yeye ana safari yake ya Kisauni.