Kifusi cha mtia nia

Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, kata za Dar es Salaam hushukiwa na neema ya ghafla. Tipa linamwaga kifusi kwenye shimo ambalo limemaliza masika mbili bila kuguswa. Linazuka kombe la mpira lenye jina la mtu, mshindi anaondoka na mbuzi na seti ya jezi. Msibani, msemaji wa familia anakatiza ratiba ya mazishi kumshukuru "ndugu yetu" kwa turubai, viti na rambirambi. Ndugu yetu mwenyewe yuko nyuma kabisa, kofia mkononi, anatazama chini kana kwamba hakutegemea kutajwa. Hakuna aliyepo asiyejua kwamba anautaka udiwani.

Lawama anayotupiwa huyu kwanza ni ile ya siku zote: alikuwa wapi miaka minne iliyopita? Mimi lawama hiyo hainishtui sana. Kila mtu huanza siku moja, na wapo watu wazuri waliochelewa kuanza kwa sababu walikuwa wanasomesha watoto. Kinachonisumbua ni aina ya kazi anayochagua kuifanya, kwa sababu haifanani hata kidogo na ile anayoiomba.

Diwani hana fungu lake. Mfuko wa Jimbo uko chini ya mbunge. Barabara za mitaa, tangu 2017, ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo mgombea udiwani anayeahidi lami anagawa mali isiyo yake. Alichonacho diwani ni kiti kwenye Baraza la Madiwani, ambako bajeti ya halmashauri inapitishwa na mkurugenzi anahojiwa, na uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata akiwa katibu. Kazi yenyewe ni kusoma makabrasha mazito, kuuliza fedha ya robo iliyopita imekwenda wapi, na kung'ang'ania swali hilohilo hadi wataalamu wamchoke. Tipa la kifusi halituambii lolote kuhusu uwezo huo. Tena kifusi kisicho na mtaro wa kupitisha maji, mvua ya kwanza inakihamishia kwa jirani wa bondeni, na TARURA inapata sababu ya kusema pale pameshashughulikiwa.

Suala la zawadi za wagombea si geni. Mwaka 2000 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuruhusu takrima, yaani mgombea akirimu wapiga kura kwa nia njema, kama ulivyo ukarimu wa jadi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na mashirika ya LEAT na NOLA, walikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Moja ya hoja ilikuwa nyepesi kuelewa: takrima inambagua mgombea asiye na kitu. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaja kubana zaidi. Lakini sheria inamtafuta mgombea, na mtu wetu wa turubai bado hajachukua fomu. Kwa sasa ni jirani mwema tu, na ni nani atamshtaki mtu kwa kusaidia msiba?

Kenya wamejaribu kuziba pengo hilo kwa kalenda. Kifungu cha 26 cha Sheria yao ya Uchaguzi kinamwengua anayeshiriki harambee ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Ni jaribio zuri, ila mwenye fedha anaijua kalenda kuliko sisi. Atatoa mwezi wa tisa kabla.

Hebu tupige hesabu. Posho ya mwezi ya diwani kwa miaka mingi imetajwa kuwa shilingi 350,000. Kwa miaka mitano hiyo ni milioni 21, ukiacha posho za vikao. Jumlisha mbuzi, jezi, matipa, misiba ya mwaka mzima na nauli za wapambe, uone kama mtia nia wa kata ya mjini anabaki ndani ya kiasi hicho. Akikipita, anayejali mtaa wake ana haki ya kuuliza fedha hiyo itarudi kwa njia gani. Ndani ya halmashauri njia zipo: zabuni, viwanja, fremu za soko.

Na si kila zawadi inamlenga mpiga kura. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika bila CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, ukafuatiwa na vurugu na vifo. Katika kata ambazo mgombea wa chama tawala hana mpinzani wa maana, ushindani wa kweli unamalizika kwenye kura za maoni za chama, mbele ya wajumbe wake. Umma unaona kombe la mpira. Bahasha zinatembea usiku kwenye nyumba chache zinazofahamika. Ule utani wa 2020 kwamba "wajumbe si watu" ulitoka kwa watia nia waliogawa wakaangushwa. Tulicheka wote, na tukasahau kuuliza waligawa nini.

Siwezi kumlaumu mama anayepokea. Jeneza linatakiwa leo. Mtaro utasubiri bajeti tatu. Anajua, kwa uzoefu, kwamba baada ya kuapishwa hatamwona tena huyu bwana, kwa hiyo anachukua chake mapema. Ndiyo maana huwezi kumwambia asile kabla hujamwonyesha faida nyingine anayoweza kuipata kwa diwani.

Faida hiyo ipo, na ina asilimia zake. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa, ikairudisha 2024. Mtia nia anayetaka kujichanganya na watu angeweza kukaa na mama lishe watano wakaandika katiba ya kikundi, akawasindikiza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, akafuatilia kwa nini kikundi cha mtaa wa pili kimepata na chao kimekwama. Haitamgharimu hata nusu ya mbuzi. Haina picha nzuri pia, na nadhani hapo ndipo wengi wanapoishia.

Basi mtia nia akija na turubai, apewe shukrani zake kama anavyopewa jirani yeyote. Kisha mzee mmoja amuulize lini alihudhuria mkutano wa mtaa wa kusomewa mapato na matumizi, na aliuliza nini siku hiyo. Muhtasari upo ofisi ya serikali ya mtaa.