Njia Isiyo na Alama

Nataka kulitetea mbele yako, msomaji kijana, jambo ambalo watu wengi hulicheka. Jambo lenyewe ni mbio ndefu za milimani, mbio za kilomita mia na zaidi, ziendazo mchana na usiku, juu ya mawe na ndani ya matope. Na hasa zile ambazo njia yake haikutiwa alama yo yote. Wachekao husema kuwa mtu mwenye akili hukimbia mahali palipotengenezwa kwa kukimbia, na kwamba mtu aendaye kujipoteza msituni kwa hiari yake, kisha akajisifu kwa kurudi, hakufanya kitu ila upumbavu. Mimi nasema kuwa ndani ya huo uitwao upumbavu mna elimu ambayo vijana wanaihitaji kuliko wanavyodhani. Nisikilize kwanza, kisha unihukumu.

Mbio za milimani ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ya njia yenye alama. Mfano wake mkuu ni mbio zinazouzunguka mlima wa Mont Blanc, ambazo zilianza mwaka 2003. Wakimbiaji hutoka katika mji wa Chamonix, Ufaransa, wakapita Italia na Uswisi, wakarudi pale pale walipoanzia. Mwendo wake ni kilomita 170 hivi, jumla ya miinuko inayopandwa ni karibu mita 10,000, na muda wanaopewa ni saa 46 na nusu. Si kazi ndogo. Lakini njiani mna vibendera ving'aavyo vikimulikwa na taa ya mkimbiaji usiku, na mna vituo vyenye maji, mchuzi wa moto, na watu wema wa kumwambia, "Pita hapa." Mlima humwuliza mtu huyo swali moja kubwa: je, miguu yako itafika?

Namna ya pili humwuliza mtu maswali mawili: je, miguu yako itafika, na je, unajua uendako? Mfano wake ni Barkley Marathons, mbio zilizoanzishwa mwaka 1986 katika msitu wa Frozen Head, jimbo la Tennessee, Marekani. Huko hakuna kibendera wala mshale. Mkimbiaji huonyeshwa ramani kambini, akainakili njia kwa mkono wake katika ramani yake mwenyewe. Akiingia msituni ana ramani hiyo, dira, na maelezo machache ya maandishi. Vyombo vya kumwonyesha mtu mahali alipo kwa satelaiti ni marufuku. Huko msituni mmefichwa vitabu, na yampasa achane katika kila kitabu ukurasa wenye namba yake, auchukue mpaka kambini uwe ushahidi kwamba alifika. Mizunguko ni mitano na muda wote ni saa 60. Jumla ya miinuko yake hupita mita 16,000, yaani ni zaidi ya kuupanda Mlima Kenya mara tatu tangu usawa wa bahari hata kileleni. Mtu wa kwanza kuimaliza mizunguko yote mitano alipatikana mwaka 1995, na tangu hapo hadi mashindano ya mwaka 2024 waliofaulu walikuwa watu 20 tu.

Asili ya mbio hizi ina funzo. Mwaka 1977 mfungwa James Earl Ray, aliyehukumiwa kwa kosa la kumwua Martin Luther King, alitoroka katika gereza la Brushy Mountain lililo kando ya milima hiyo. Alitangatanga kwa muda wa saa 54 hivi, na alipokamatwa alikuwa kiasi cha kilomita 13 tu kutoka gerezani. Gary Cantrell, ambaye baadaye alikuwa mwanzilishi wa mashindano, alipopata habari hizo alijigamba kuwa yeye katika muda huo angalikwenda maili mia. Majigambo yake tuyaache. Tulitazame jambo lenyewe. Mtu yule aliruka ukuta, akawaacha nyuma walinzi na bunduki zao, akawa huru. Lakini uhuru wake haukumfikisha po pote, kwa sababu hakujua njia. Asiyejua njia hufungwa hata penye uwazi.

Sasa tuzikabili hoja za wapinzani wetu moja moja.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba mbio hizi hazina faida. Husema, mshindi wa barabarani hurudi na fedha akajengea wazazi wake nyumba. Huyu wa msituni hurudi na nini? Ni kweli kuwa Barkley haina zawadi ya fedha. Amalizaye hupata kugusa lango la manjano lililo kambini, basi. Lakini kama faida ya kila kitu hupimwa kwa fedha peke yake, wewe uliye darasani leo unafanya nini hapo? Hujalipwa hata senti moja kwa kujifunza, wala hutalipwa. Unajifunza kwa kutumaini kuwa utakuwa mtu mwingine kuliko ulivyokuwa ulipoingia. Mkimbiaji wa njia isiyo na alama hutumaini hilo hilo.

Nami nakuomba ujitazame. Mwanafunzi apitaye huku na huko akitafuta kuambiwa swali litakalokuja katika mtihani, akakariri jibu asilolielewa, ni mkimbiaji wa vibendera. Anakwenda mbio, ndiyo. Pengine anawapita wenzake wote. Lakini haendi kwa kujua. Anakwenda kwa kuonyeshwa. Siku moja vibendera vitaondolewa, na siku hiyo humjia kila mtu amalizapo shule. Duniani hakuna mwalimu asimamaye katika njia panda akimwambia kijana kazi hii ni yako na ile si yako, rafiki huyu ni mwema na yule ni mwovu. Atakayeivuka njia panda hiyo ni yule aliyezoea kuitazama nchi kwa macho yake mwenyewe na kujiuliza: nimetoka wapi, niko wapi, na nakwenda wapi?

Hoja yao ya pili ni nzito, nami sitaipita kwa mzaha. Husema kuwa milima huua, na asiye na alama hufa upesi. Kwamba milima huua ni kweli. Lakini tazama iliuaje. Mwezi wa Mei mwaka 2021, katika jimbo la Gansu, China, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100. Asubuhi wengi walivaa mavazi mepesi. Walipokuwa juu, mahali pasipo na pa kujificha, upepo mkali ukavuma, mvua ya barafu ikanyesha, na baridi ikawashinda. Wakafa watu 21, na mmoja wao alikuwa Liang Jing, bingwa mashuhuri wa mbio za namna hiyo katika nchi yake. Hawakuuawa na kukosa kibendera. Waliuawa na baridi, na koti la kuzuia upepo halikuwa miongoni mwa vitu ambavyo kila mkimbiaji alilazimishwa kuchukua.

Hapo ndipo ninapotaka uweke kituo. Alama huonyesha njia, haionyeshi hali. Kibendera hakijui kama mawingu yanakusanyika, wala hakijui kama vidole vyako vimekufa ganzi. Hatari ya alama ni kwamba humfanya mtu aamini kuwa kuna mwingine aliyekwisha kufikiri kwa ajili yake. Mahali pengine mwingine huyo amefikiri vyema: katika mbio za Mont Blanc kila mtu hulazimishwa kuchukua koti la mvua na taa za kichwani, hata kama asubuhi ni njema. Mahali pengine hakufikiri. Basi wewe uliyekabidhi akili yako utajuaje kama umeikabidhi kwa mwenye hadhari au kwa mzembe? Wenye kuandaa mashindano wana wajibu mkubwa, na damu ya watu 21 yadai wakumbushwe wajibu huo kila siku. Lakini wajibu wao haufuti wako.

Hoja ya tatu ni kwamba mbio hizi ni kiburi cha wanaume wenye misuli. Wasemao hivyo hawajapata habari za Jasmin Paris, daktari wa wanyama kutoka Uingereza. Mwaka 2019 alishiriki katika mbio za njia ya Pennine nchini mwake, mwendo wa kilomita 430 hivi wakati wa baridi, naye alikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa bado ananyonya. Katika vituo alikuwa akijikamua maziwa, kisha akaendelea. Alifika wa kwanza mbele ya wanaume na wanawake wote, kwa muda wa saa 83 na dakika 12. Akaelekea Barkley. Mwaka 2022 alishindwa kumaliza. Mwaka 2023 alishindwa tena. Mwaka 2024 alirudi mara ya tatu, akaligusa lango la manjano kwa saa 59, dakika 58 na sekunde 21, akawa mwanamke wa kwanza kuzimaliza mbio hizo. Alibakiwa na sekunde 99. Kiburi hakirudi mara tatu mahali kilipoaibishwa mara mbili. Kinachorudi ni saburi.

Na kama wadhani kuwa msitu huwapendelea mashujaa, zingatia habari za Gary Robbins wa Kanada. Mwaka 2017 alifika langoni sekunde sita baada ya muda kwisha, akaanguka chini. Watu walimlilia kwa ajili ya sekunde sita. Lakini sekunde hizo hazikuwa ndizo zilizomshinda. Katika ukungu wa mwisho wa mzunguko wa mwisho alikuwa ameikosa njia, akatokea upande usio wake. Na hata kama angaliwahi, asingalihesabiwa kuwa amemaliza, maana hakuipita njia yote. Alikuwa na kurasa zake zote mkononi. Hakudanganya mtu, alikosea tu, naye alilikubali kosa lake. Wengi wetu tungalitaka mlima umhurumie. Lakini mlima hauna upendeleo, hauhongeki, wala hausikilizi udhuru. Ni mahali pangapi duniani ambapo kijana aweza kupata hakimu wa namna hiyo?

Pengine utaniambia, "Sisi ni Wakenya, na sifa yetu imo barabarani na viwanjani." Sifa hiyo ni ya haki, nami siitii doa. Tarehe 12 Oktoba mwaka 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikwenda mwendo wa marathoni kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40. Mbele yake gari lilimulika mistari ya mwanga barabarani, na wakimbiaji 41 walipokezana kumkinga upepo. Hapajapata kuwa na njia iliyotiwa alama kuliko ile. Je, nalaumu? Hasha. Swali lake lilikuwa kujua mwili wa binadamu waweza kwenda upesi kiasi gani, na kwa swali hilo ilifaa kuondoa kila kizuizi kingine. Nisemalo ni kwamba swali hilo si la pekee. Kuna swali la upesi, na kuna swali la ujuzi wa njia. Taifa linalojua kujibu la kwanza lisilidharau la pili.

Wala sisemi kwamba alama zing'olewe kila mahali. Alama huwaongoza wanaoanza, huwaokoa wageni, na huzuia miguu ya maelfu isikanyage majani na miche nje ya njia. Mtoto hushikwa mkono kabla hajatembea, na si aibu kwake. Aibu ni mtu mzima kutaka ashikwe mkono siku zote, na kumcheka mwenzake aliyeuacha.

Basi usinielewe vibaya ukafunga kitabu hiki, ukaingia msituni kesho peke yako. Afanyaye hivyo hajanisikia. Watu wa Barkley hawaingii msituni kwa kubahatisha. Huisoma ramani kwa muda mrefu kabla hawajaikanyaga nchi. Anza na wewe. Katika somo la jiografia umefundishwa kusoma ramani, nawe labda ulidhani ni kwa ajili ya mtihani. Ichukue ramani ya mahali unapokaa. Jifunze kutambua kilima kwa mistari yake na bonde kwa mto wake. Jifunze dira. Kisha nenda na mtu mzima aijuaye nchi hiyo, waambie watu wa nyumbani mnakokwenda na saa mtakayorudi, na mchukue nguo ya baridi hata jua likiwaka. Mkiona ukungu unashuka na njia imewapotea, rudini. Kurudi si kushindwa. Kule Tennessee kila ashindwaye hupigiwa tarumbeta ya maziko mbele ya watu wote, nao hucheka, hula, hulala, na baadhi yao huja tena mwaka wa pili.

Wazee walisema kuwa penye nia pana njia. Hawakusema kuwa penye njia pana nia. Wewe umezaliwa wakati ambapo njia nyingi zimekwisha kutengenezwa, na mshale wa kukuonyesha uko kila pembe, hata katika kiganja cha mkono wako. Shukuru kwa hayo, lakini usiyaamini kupita kiasi. Siku mshale utakapokosekana, na giza likaingia, na pasiwe na mtu wa kuuliza, utabaki na kitu kimoja tu, nacho ni kile ulichojifunza ulipokuwa bado na mwanga. Jifunze sasa.