Magari Yaliyonyanyuliwa Yawekewe Kipimo

Imezuka katika visiwa vyetu, kama ilivyozuka kwingineko duniani, ada ya kunyanyua magari. Mwenye gari hulipeleka gereji, fundi akaongeza springi ndefu na shokapu mpya, au akapachika vipande vya chuma baina ya springi na ekseli, kisha yakaondolewa matairi ya kiwandani na kuvishwa mengine makubwa yanayotokeza nje ya bodi. Gari likitoka hapo huwa limepanda juu hata boneti hulingana na kifua cha mtu mzima. Vijana hulizunguka na kulisifu. Mtoto wa darasa la kwanza akipita mbele yake, dereva hamwoni.

Tuseme mapema kwamba hatuna ugomvi na gari refu. Anayezijua njia za mashamba ya Pemba wakati wa masika, udongo mwekundu umelowa na magurudumu yanateleza kama yamepakwa mafuta, hawezi kumlaumu mkulima aliyeongeza springi ili magunia yake ya karafuu yafike bandarini. Wala hatumlaumu mganga anayekwenda kijijini usiku. Haja ya watu hao ni ya kweli. Tunalolizungumza leo ni jambo jingine: kwamba haja na mapambo yamechanganyika barabarani, na askari aliyesimama njiani hana budi awe na kipimo cha kuyatenganisha.

Na tufanye hesabu, maana maneno matupu hayatoshi. Tairi la kawaida la magari mengi ya kupandia milima, lenye maandishi 265/70 R16, lina kimo cha milimita 777 hivi, yaani inchi 30 na nusu. Mwenye gari akilitoa na kuvisha la inchi 35, kimo chake ni milimita 889. Limezidi kwa asilimia 14. Sasa mita ya mwendo haijui tairi. Hiyo huhesabu mizunguko tu. Inaposoma kilomita 50 kwa saa, gari kwa hakika linakwenda 57. Inaposoma 80, gari liko 91. Dereva huyu anaweza kuapa mbele ya hakimu kwamba hakuzidisha mwendo, na akawa mkweli kwa alichokiona, na mtu akawa amekwisha kugongwa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 39 imeliona jambo hili: mita ya mwendo haifai kamwe kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli.

Breki nazo zina hesabu yake. Kinachosimamisha gari ni nguvu ya breki kwenye gurudumu, lakini nguvu hiyo hufika ardhini kupitia tairi, na tairi likiwa kubwa zaidi, mkono wa kupindulia huwa mrefu zaidi. Kwa tairi letu la inchi 35, kwa mguu ule ule juu ya pedali ile ile, nguvu inayofika barabarani hupungua kiasi cha sehemu moja katika nane. Hapo hatujalitia hesabuni zito la tairi lenyewe. Na fundi aliyenyanyua springi bila ya kurefusha mipira ya breki ameiacha imevutika. Siku gurudumu litakapotumbukia shimoni, mpira utakatika.

Kimo kizima cha gari hilo, likiwa limenyanyuliwa springi kwa milimita 50 na matairi yakaongeza 56 nyingine, kimepanda zaidi ya sentimita kumi. Uzito wake umekwenda juu pamoja nalo, na upana baina ya magurudumu haukuongezeka kwa kadiri hiyo. Kwenye kona gari huwa jepesi kupinduka. Likigongana na gari dogo, bampa lake halikutani na bampa la mwenziwe. Huko Marekani sheria ya serikali kuu imeziweka bampa za magari madogo ya abiria baina ya inchi 16 na 20 kutoka ardhini, yaani sentimita 41 hadi 51, ili zikutane zenyewe kwa zenyewe. Gari lililopandishwa hupita juu yake na kuingia mlangoni, walipo watu.

Nchi nyingine zimefanya nini? Japani, ambako ndiko magari mengi tunayoyanunua yakiwa yametumika hutoka, mwenye gari hupewa nafasi ndogo: kimo kikizidi au kupungua kwa zaidi ya sentimita 4 kwa baadhi ya mabadiliko ya namna hii, hana budi alipeleke gari likaguliwe upya na kuandikwa upya. Kimo ni sentimita 4, upana 2, urefu 3. Mtu yeyote mwenye utepe wa kupimia anaweza kuijua sheria hiyo.

Australia ina somo lililo refu zaidi, na kwa maoni yetu ndilo linalotufaa, kwa kuwa lina makosa ndani yake. Kila jimbo huko lina sheria zake, na kwa miaka mingi gari lililo halali katika jimbo moja liliweza kuwa na makosa likivuka mpaka. Mwaka 2018 polisi wa Queensland waliyasimamisha magari yaliyonyanyuliwa, na wenyewe, wengi wao watu wa mashambani na wasafiri wa nyikani, wakalalamika kwamba wanaadhibiwa kwa kazi waliyoilipia gereji kwa nia njema. Wakubwa hawakuiondoa sheria, wala hawakujifanya hawakusikia. Mwaka 2019 jimbo likaruhusu gari linyanyuke milimita 75 bila ya hati, 50 za springi na 25 za matairi. Na zaidi ya hapo, hadi 125, kwa hati ya mtaalamu aliyeidhinishwa. Kuanzia hapo ugomvi wa barabarani umekuwa ni wa utepe wa kupimia.

Iceland nacho ni kisiwa. Huko yapo magari yenye matairi ya inchi 38 hadi 44, nayo hupunguzwa upepo ili yapite juu ya theluji bila ya kuzama. Hakuna anayeyaona kuwa ni anasa, kwa sababu hutumika kuwaokoa watu. Hata hivyo gari la namna hiyo hukaguliwa peke yake, mita yake ya mwendo hurekebishwa, na mabadiliko huandikwa katika kadi yake. Na pamoja na ukubwa huo wote wa matairi, ni marufuku kuendesha nje ya barabara isipokuwa juu ya theluji na ardhi iliyoganda. Wanaopeleka magari kwenye fukwe zetu, mahali ambapo kasa hutaga, wangepasa kulifikiri hilo.

Ya North Carolina tuyapitie upesi. Vijana wa huko walinyanyua magari mbele na kuyachutamisha nyuma, taa zikaelekea mbinguni na dereva akawa haoni ila boneti. Tangu Desemba 1, 2021, mbele kukizidi nyuma kwa inchi 4 ni kosa, na makosa matatu ndani ya mwaka mmoja humnyang'anya mtu leseni kwa mwaka mzima.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika katika Serikali, wa usafiri na wa polisi kwa pamoja, watangaze namba. Iwe sentimita kadhaa za springi na inchi kadhaa za tairi, iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa gereji, bandarini na vituoni. Neno "gari lisilo salama" likiachwa peke yake humpa askari hiari kubwa mno, na sote tunajua hiari hiyo huishia wapi: mwenye kitu hupita, mwenye pikapu ya karafuu hubaki kando ya njia akibembeleza. Anayehitaji kuzidisha kwa kazi ya halali apate pa kwenda, fundi mwenye idhini alikague gari na kutia saini, na jina la fundi huyo liandikwe katika kadi, ili siku mipira ya breki itakapokatika ajulikane wa kuulizwa.

Wapo watakaosema kwanza barabara zitengenezwe. Nasi twasema hivyo hivyo, na tumekwisha kuyasema mara nyingi. Lakini magari tunayoyaona yakisimama usiku mbele ya mahoteli, yaking'aa bila ya tone la tope, hayakunyanyuliwa kwa ajili ya mashimo.

Waliokwisha kunyanyua wapewe muda. South Carolina, ilipopitisha sheria kama hiyo mwaka 2023, iliagiza siku 180 za maonyo kabla ya faini. Na wale wanaonunua gari likiwa limekwisha kunyanyuliwa tangu huko lilikotoka, waambiwe kipimo kabla ya kulipa fedha zao, maana bandarini ndipo gari linapokaguliwa likiwa bado halijampita mtoto yeyote.