Kabla hujaitukana gari, pima ndoo zako

Kwenye magrupu yetu haipiti wiki bila mtu kulalamika: "Nimebadilisha shokapu juzi tu, zimekufa tena!" Mwingine anamjibu auze hicho kigari, eti ni cha lami tu. Mimi nauza asali na karanga kutoka Ntalikwa, hapa Tabora, na maoni yangu ni haya: hasira ya wenye gari ni ya haki, ila mara nyingi tunaitupia gari peke yake. Mzigo una sehemu yake, barabara ina yake, fundi na muuza spea nao wana zao. Na bili za hao wote zinatoka kwenye mtaji wako.

Tuanze na mzigo, maana huo tunaupakia wenyewe.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya asali ni kama kilo moja na gramu 400. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ya asali ni kilo 28, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Ndoo kumi ni kilo 280. Sasa sikia: Wajapani wakipiga hesabu ya uzito wa juu wa gari ya abiria, kila mtu wanamhesabia kilo 55. Gari ya watu watano ni kilo 275. Umeona? Ndoo kumi zimeshawapita watu watano, na wewe dereva bado hujakaa. Tena abiria wawili wangekaa mbele. Ndoo zako karibu zote zimekaa nyuma.

Na huko nyuma hakuna miujiza. Kwenye vigari vyetu vingi, IST, Vitz, Passo, zile zinazovutwa na tairi za mbele, kuna chuma kimoja kinachounganisha tairi mbili, springi mbili na shokapu mbili. Basi. Ukisikia nyuma inagonga kila tuta, hivyo ndivyo vinavyolia.

Mwenye kirikuu anaweza kukucheka. Usimwonee wivu. Kirikuu imetengenezwa ibebe mzigo, kilo 350 kwa hesabu za Japani, na nyuma inakalia vyuma bapa vilivyopangwa kama vya lori. Hajakuzidi ujanja, amekuzidi chuma.

Sisi wa Unyamwezi tusingepaswa kufundishwa hili. Enzi za misafara ya Tabora na Bagamoyo, mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila kabla ya safari, ukaangukia kwenye kilo 30 hivi. Walijua mgongo una kikomo, na msafara unaozidisha haufiki. Leo tuna mizani ya kidijitali mezani, tunapima asali ya mteja mpaka gramu, halafu gari tunaipakia kwa macho.

Haya, tuje kwenye gari yenyewe. IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007. Hata ya mwisho kabisa inakaribia miaka 20. Muuzaji atakuonyesha kilomita chache kwenye dashibodi, lakini bushi ni raba, na raba inazeeka kwa miaka hata gari ikiwa imelala. Inakauka, inapasuka. Ukiishusha gari hiyo kwenye njia ya vumbi yenye mawimbi kama bati, shokapu inapanda na kushuka bila kupumzika, mafuta yake ndani yanachemka na kufanya povu, inaishiwa nguvu. Ukipita hapo na mzigo kwa mwendo wa lami, unaiua mwenyewe.

Fundi naye. Kuna jambo moja dogo linaloua bushi mpya na wateja wengi hawalijui. Gari ikiwa imenyanyuliwa na jeki, tairi zinaning'inia. Fundi akifunga nati za bushi akazikaza kabisa hapohapo, raba inashikwa ikiwa kwenye mkao wa kuning'inia. Gari ikishuka chini, raba inajinyonga, na inabaki imejinyonga siku zote. Haikai. Utaratibu ni kufunga kwa kulegeza, kuishusha gari ikanyage chini kwa uzito wake, ndipo ukaze. Mwambie fundi wako kwa upole: "Fundi, naomba tukaze ikiwa chini." Fundi anayeijua kazi hatanuna.

Kingine ni ile raba ya kukinga vumbi kwenye shokapu. Ikichanika na fundi akairudishia ileile, vumbi linakaa kwenye mti wa shokapu, linaukwaruza, sili inachanika na mafuta yanaanza kuvuja. Shokapu ilikuwa nzima, imeuliwa na kiraba. Na wanaoweka spesa kuinua gari ili ibebe zaidi, tuelewane: spesa inainua bodi, haiongezi nguvu ya kubeba. Sana sana inabadilisha mkao wa ekseli na boli jointi za mbele, nazo zinaisha mapema.

Sasa naomba niongee na wauza spea mtandaoni, maana nao ni wenzetu humu.

Duka moja la mtandaoni, silitaji, liliniuzia shokapu mbili za nyuma kwa maneno "mpya orijino". Hazikumaliza miezi miwili, zikawa zinavuja. Nilipopiga simu nikaambiwa tatizo ni fundi. Fundi akasema tatizo ni spea. Kila mmoja ana mwenzake wa kumtupia, na mimi katikati nina oda za watu zinasubiri. Wiki ile nilikodi gari ya mtu, na faida ya mzigo ikaishia kwenye kukodi.

Kilichoniuma zaidi ya hela ni kwamba hakukuwa na maandishi popote. Hakuna risiti inayosema mpya au mtumba, hakuna siku za kurudisha. Kwa maoni yangu, muuza spea ambaye haandiki haya kwenye posti yake hajawa tayari kuuza:

1. Ni mpya au ya mtumba. Mtumba si dhambi, dhambi ni kuuita mpya.
2. Inaingia chasisi gani. IST ya NCP60 na NCP61 huvutwa na tairi za mbele, NCP65 huvutwa na tairi zote nne. Usiandike "ya IST" ukaishia hapo.
3. Ni ya mbele au nyuma, kushoto au kulia.
4. Mteja ana siku ngapi za kurudisha, na kwa masharti gani. Iandikwe kabla hela haijatumwa.

Ukiandika hivyo utapoteza wateja wachache wanaotafuta bei ya chini tu. Utabaki na wale wanaorudi, na wanaorudi ndio wanaolipa pango.

Mwisho, hesabu, kwa sisi tunaosambaza wenyewe. Wengi tunahesabu mafuta tu. Tufanye mfano: shokapu mbili na ufundi zimekula 200,000. Ukipiga safari 100 kabla hazijachoka, kila safari imekula 2,000. Ukibeba ndoo kumi, ni 200 kwa ndoo. Hiyo iongeze kwenye bei, mteja hataisikia. Lakini ukizidisha mzigo zikafa kwa safari 25, ni 8,000 kwa safari. Hata ukiwa umepakia ndoo 14 badala ya kumi, bado ni kama 570 kwa ndoo. Zile ndoo nne za "kuokoa safari" zimekugharimu. Na hapo sijataja breki: gari yenye shokapu zilizokufa inarukaruka, tairi haishiki barabara vizuri, na kusimama kwake ni kwa mbali. Nyuma yako kuna asali, mbele yako kuna mtoto anavuka kwenda shule.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kigari kidogo ni mshirika mzuri wa biashara ndogo, mradi umpe mzigo wake na umtengee posho yake. Mzigo mzito ukodishie kirikuu, au changieni wawili watatu wenye oda za upande mmoja. Shokapu badilisha mbili kwa pamoja, siyo moja. Na upepo wa tairi ufuate kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva, usipimwe kwa kupiga teke.

Leo kabla hujapakia, weka ndoo moja kwenye mizani, zidisha kwa idadi, halafu jumlisha kilo zako na za msaidizi wako. Ukipata jibu linalokutisha, liandike hapo chini tulijadili. Hautakuwa peke yako.