Divai ya Bei Nafuu: Ni Nani Anayelipa?



Tunapokuta kitu kinauzwa kwa bei nafuu, sisi wenye vipato vidogo hufurahi, na furaha hiyo si dhambi. Lakini mtu anayependa haki hana budi kuuliza swali la pili: unafuu huu umetoka wapi? Je, umetokana na busara ya watu waliounganisha nguvu zao, au umekamuliwa katika jasho la mtu asiyeonekana? Safari hii tumechagua mfano wa mbali, yaani kiwanda cha divai cha ushirika katika mji mdogo wa Pegões, nchini Ureno. Mfano wa mbali hutusaidia kutazama kwa utulivu mambo ambayo nyumbani hutugombanisha.

Pegões iko mashariki ya Lisbon, ng'ambo ya mto Tejo, katika nchi ya kichanga. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa mali ya tajiri mmoja, José Rovisco Pais, ambaye alipofariki mwaka 1932 aliacha mali yake kwa hospitali za Lisbon. Baadaye chombo cha Serikali kilichoundwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuwapatia watu makazi ya kilimo kiliigawa ardhi hiyo kuwa mashamba, na familia za wakulima zikaletwa kuyalima. Mwaka 1958 kikaundwa chama chao cha ushirika, nacho kikachukua jina la Mtakatifu Isidori, msimamizi wa wakulima.

Jina hilo si pambo. Isidori alikuwa kibarua huko Madrid. Alilima shamba la mwenye mali, wala hakuwa na ardhi yake mwenyewe. Kanisa lilimtangaza Mtakatifu mwaka 1622, na sikukuu yake ni tarehe 15 Mei. Basi ushirika wenye jina lake umejiwekea mizani yake wenyewe: utapimwa kwa namna unavyomtendea mtu asiye na kitu ila mikono yake.

Tusijidanganye kuhusu chimbuko la vyama hivi. Vingi vilianzishwa wakati wa utawala wa kiimla wa Salazar, na vilipangwa kutoka juu. Katika jimbo la Dão vilipewa haki ya pekee ya kutengeneza divai kwa zabibu za wakulima, na ubora ukadorora, kwa maana asiye na mshindani hana wa kumwamsha. Haki hiyo ya pekee iliondolewa baada ya Ureno kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986. Tena, divai nyingi ya kawaida ya Ureno ilipelekwa Angola na Msumbiji. Huko kusini mwa Msumbiji, mwanzoni mwa karne ya ishirini, watawala walizuia utengenezaji wa pombe kali za wenyeji ili divai ya Ureno ipate soko. Mkulima maskini wa Ureno alipata mnunuzi kwa sababu Mwafrika maskini alinyimwa uhuru wa kuchagua. Maskini wawili waliunganishwa na pipa moja, na wala hawakujuana.

Mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974 yaliuangusha utawala ule, na makoloni yakapata uhuru. Katiba ya mwaka 1976 iliutambua ushirika kuwa sekta inayojitegemea, pembeni ya ile ya Serikali na ile ya watu binafsi. Tangu hapo wakulima walipaswa kujifunza kuuza kwa mtu aliye huru kukataa. Ushirika wa Pegões ulifanya mitambo yake kuwa mipya kuanzia miaka ya 1990, ukaweka matangi ya chuma kisichoshika kutu na mashine za kupoza divai inapochachuka. Leo unahudumia zaidi ya hekta 1,000 za mizabibu, divai zake zimepata medali nyingi katika mashindano, na bado chupa zake za kawaida zinauzwa Ureno kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu.

Unafuu huo unapatikanaje? Hapa ndipo penye somo. Mkulima mwenye hekta chache hawezi kununua matangi, mashine ya kukamua, maabara na mtambo wa kujaza chupa. Akisimama peke yake, atamngoja mnunuzi kando ya barabara, na zabibu haimngojei mtu. Siku chache tu baada ya kuiva huanza kuoza. Mnunuzi analijua hilo, na bei huipanga yeye. Wakulima wanaposhirikiana, gharama za mitambo hugawanywa kwa kilo nyingi sana. Zabibu hupimwa uzito na kiwango cha sukari mlangoni mwa kiwanda, na kila mmoja hulipwa kadiri ya alicholeta. Faida ambayo ingekwenda kwa mlanguzi hugawanywa sehemu mbili: moja humrudia mkulima, nyingine humfikia mnywaji katika bei. Huo ndio unafuu wa haki. Haukumnyang'anya mtu, umetokana na mshikamano.

Kanisa limelifundisha jambo hili kwa muda mrefu. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika Waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, aliwahimiza wakulima wadogo kuungana katika vyama vya ushirika, akijua kwamba mkulima aliye peke yake hana sauti.

Lakini kuna unafuu wa namna nyingine, na hapa tunapenda kusema waziwazi. Maduka makubwa ya Ulaya hununua kwa wingi na kushindana kwa kushusha bei. Yanaposhusha bei, lazima mtu fulani apunguziwe. Kwanza hupunguziwa mkulima, ambaye hulipwa kidogo au hulipwa kwa kuchelewa. Naye mkulima akibanwa, humgeukia kibarua wa kuvuna. Mashamba mengi ya Ureno siku hizi yanategemea wageni waliotoka Nepal, India na Bangladesh. Mwaka 2021, wakati wa janga la korona, watu wengi nchini humo walishtuka walipoona jinsi vibarua wa mashamba ya matunda na mboga huko Odemira walivyolazwa wengi katika chumba kimoja. Hayo hayakutokea katika ushirika tunaouzungumzia, lakini yanauhusu kila ushirika duniani. Mvunaji si mwanachama. Hana kura katika mkutano mkuu, wala jina lake halimo katika daftari la mgao. Ushirika unaweza kuwa wa haki ndani ya kuta zake, ukawa mkatili mlangoni. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia kwa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana. Hatuoni kwamba wenye ushirika wamesamehewa onyo hilo.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Watanzania tunajua ushirika uliopangwa kutoka juu. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Wengi wetu tulijifunza kutoka humo kwamba ushirika ni mali ya wakubwa. Mfano wa Pegões unatuonyesha kwamba mtoto aliyezaliwa kwa amri ya mtawala anaweza kukua na kuwa mali ya wananchi wenyewe, iwapo wanachama watahudhuria mikutano, watasoma hesabu, na watapeleka mazao yao yote chamani badala ya kuuza mazuri kwa mlanguzi usiku na kuleta mabovu asubuhi. Ndugu zetu wa Dodoma, ambao huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wanaielewa habari hii kuliko sisi wengine. Asiye na tangi la kuhifadhi hana nguvu ya kusema bei.

Divai tunayoipeleka altareni tunaikiri kuwa ni tunda la mzabibu na la kazi ya wanadamu. Hatuwezi kulikiri neno hilo siku ya Dominika na kulisahau Jumatatu tunapopima mazao ya jirani, au tunapomlipa kijana aliyetuvunia.

Tunaomba viongozi wa walei wayapeleke maswali haya katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na yajibiwe kwa ukweli bila kutafuta lawama:

1. Katika chama chetu cha ushirika, ni lini mara ya mwisho tulipoona hesabu na kuzielewa?
2. Sisi wenyewe tunawalipaje vibarua wetu, na tunawalipa lini?
3. Tunapofurahia bei nafuu sokoni, tunamjua aliyeilipia?

Mtakatifu Isidori, kibarua na msimamizi wa wakulima, atuombee.