Tusiihukumu Mvua kwa Macho

Wengi wetu hunywa maji ya mvua, nasi huyaamini kwa kuwa ni meupe. Kwa maoni yangu hilo ni kosa. Mwaka 1852 Robert Angus Smith alilinganisha mvua ya mashamba na ya mji wa Manchester, Uingereza. Mjini, penye moshi wa makaa, ndipo alipokuta asidi ya salfa.

Lakini viwanda si mkosaji pekee. Karibu na Goma, Kongo, watu hukinga maji ya mapaa, na mlima wa moto Nyiragongo hutoa gesi za salfa na florini. Florini ikizidi huharibu meno.

Tutamjuaje mkosaji? Kwa hesabu. Tupime mvua nyingi, tutazame ni vitu gani vizidivyo na kupungua pamoja. Sodiamu na kloridi zikifuatana kwa kadiri ya maji ya bahari, yaelekea zimetoka baharini. Salfa na florini zikipanda pamoja kila upepo utokapo mlimani, twaushuku mlima. Kipimo cha siku moja hakimtii mtu hatiani.

Basi shule yetu ianze daftari la mvua, nanyi wanafunzi wa zamani mtusaidie vyombo. Wanywao maji hayo ni sisi wenyewe.